Kwa nini anayeongea peke yake kwenye basi anatutisha kuliko mhubiri?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Wiki mbili zilizopita nilipanda mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, naelekea Posta. Pale Shekilango akapanda kaka mmoja, msafi tu, shati limenyooshwa, begi mgongoni. Akasimama ameupa mlango mgongo, akawa anatutazama abiria mmoja mmoja huku anaongea na mtu ambaye hayupo, mara anacheka. Hakumgusa mtu, hakumtukana mtu. Lakini basi zima lilinyamaza. Mimi moyo ulinienda mbio, viganja vikaloa, nikashuka Magomeni wakati safari yangu haijafika. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mhubiri alipaza sauti tangu Buguruni hadi uwanja wa ndege, nami nikasinzia. Kwa nini mmoja alinitisha na mwingine hapana? Je, yule kaka nilimkosea? Ningefanya nini? Tangu siku ile nakwepa mwendokasi, natoka nyumbani mapema nikaunge daladala mbili.

Dada wa Kimara

JIBU

Dada yangu, tuanze na huyo mhubiri, maana jibu lako karibu lote limo kwake. Kwa sauti alimzidi yule kaka, na ukimya wa abiria, wote wawili waliuvunja. Ila mhubiri ana nafasi yake kichwani mwako hata kabla hajafungua mdomo. Unajua dakika ijayo italeta nini: atasoma aya, atawaombea wasafiri, ataomba sadaka, atashuka. Konda naye ni hivyo hivyo. Ananing'inia mlangoni, anapiga bodi kwa kiganja, anapayuka majina ya vituo, anawasukuma watu wazima kwa mgongo wake, na hakuna anayeshtuka. Asiye konda akifanya nusu ya hayo, abiria wataomba kushuka. Kwa hiyo ugeni wa tendo lenyewe una sehemu ndogo tu katika wasiwasi wako. Sehemu kubwa inatokana na kutojua kinachofuata.

Mtazame kijana anayekuja peke yake pale Ubungo, anaongea kwa sauti huku anarusha mikono. Hatua tano kabla hujamfikia umeshaanza kujisogeza pembeni na mkoba umeuvuta mbele. Mara anageuza kichwa, unaona kile kidude cheupe sikioni. Mabega yako yanashuka, unampita bega kwa bega. Sauti yake haijapungua, mikono bado inarushwa, maneno ni yale yale. Umepata tu jibu la swali moja: anaongea na nani?

Ubongo haukai kusubiri mambo yatokee ndipo uyatafsiri. Unabashiri muda wote, na nguvu zake nyingi unazipeleka pale ubashiri ulipokwenda kombo. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Marta Kutas na Steven Hillyard, walipima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakisoma sentensi zinazoanza vizuri na kuishia vibaya, kama ile ya mtu anayepaka mkate soksi. Takriban milisekunde 400 baada ya neno lisilotarajiwa, chini ya nusu sekunde, mchoro wa umeme ulibadilika. Huko ni kwenye karatasi, ambako soksi haina madhara kwa mtu. Kosa kama hilo likitokea kwa mtu mzima aliyesimama mita moja kutoka ulipo, mwili unajiandaa kabla akili haijatoa hukumu. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza mapigo, tumbo linakaza, pumzi inakuwa fupi. Viganja vililoa kwa sababu tezi za jasho za viganjani huitikia hisia kuliko joto. Hata kiyoyozi kingekuwa kinafanya kazi vizuri, vingeloa.

Kengele hiyo inapendelea kukosea upande mmoja. Ikilia bila sababu, umepoteza nauli na dakika kumi. Ikinyamaza penye hatari, hasara yake hailipiki. Ndiyo maana inalia mara nyingi kuliko inavyostahili, na ndiyo maana kulia kwake si ushahidi kwamba yule kaka alikuwa hatari. Mwaka 2016 Frank McAndrew na Sara Koehnke walichapisha utafiti uliohoji watu 1,341 kuhusu mtu anayewapa hisia ya kutisha-tisha. Hoja yao ni kwamba hisia hiyo inakuja pale mtu anaposhindwa kuamua kama kuna tishio au hakuna. Anayekukimbilia na panga hakupi hisia hii. Huyo anakupa hofu kamili, na miguu inajua kazi yake. Wewe ulibaki katikati: hakuna cha kukimbia, na hakuna cha kukutuliza. Katikati hapo ndipo panapochosha.

Jambo la pili lililokupata ni la macho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu abiria wengi wa Dar wanaishi na kanuni hii kila siku bila kuitambua.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliieleza mwaka 1963. Ukikutana na mgeni mahali pa watu, unamtupia jicho mara moja, kumjulisha kwamba umemwona. Kisha unaliondoa, kumjulisha kwamba huna shida naye. Usipolitupa kabisa, umemdharau. Likikaa, unamtafuta ubaya. Hicho kijicho cha sekunde moja ndicho kibali tunachopeana ili watu mia na zaidi tusiojuana tukae ndani ya basi moja. Yule kaka alilinyima basi zima kibali hicho, tena akiwa amesimama kinyume: abiria wote wanatazama mbele au dirishani, yeye anawatazama wao.

Ongeza na msongamano. Edward Hall, mtaalamu wa anthropolojia, mwaka 1966 aliweka mpaka wa karibu sana kwenye sentimita 45, eneo ambalo watu huwaachia wapenzi, watoto na ndugu. Vipimo vyake ni vya Wamarekani, na mtu aliyezoea kupita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi moja kabla ya sikukuu atasema ni vikubwa mno. Lakini kanuni yenyewe inafanya kazi huku pia. Ndani ya mwendokasi ya saa moja asubuhi, mgeni yuko sentimita 10 kutoka usoni kwako. Unavumiliaje? Unafidia. Michael Argyle na Janet Dean walilionyesha hili mwaka 1965: watu wakisogezwa karibu, hupunguza kutazamana. Ndiyo maana mwendokasi ikijaa, macho yote yanaenda kwenye simu, kwenye dari, kwenye visogo. Mwili umeshindwa kujitenga, kwa hiyo macho ndiyo yanayojitenga. Mtu akikutazama moja kwa moja katika hali hiyo, amekuondolea ukuta wa mwisho uliobaki nao. Kitendo hicho hicho Coco Beach, mkiwa mmeachana mita nane, usingekikumbuka hata usiku.

Kwamba umbali huu una mizizi ndani ya ubongo, tunajua kwa sehemu kupitia mgonjwa mmoja wa Marekani anayetajwa katika maandiko ya kitaalamu kwa herufi SM tu. Ugonjwa uliharibu amigdala zake zote mbili, vile visehemu vya ubongo vyenye umbo la lozi vinavyohusika na kutambua hatari. Mwaka 2009 watafiti walimpima kwa kumsogelea hadi aseme inatosha. Watu wengine waliwasimamisha kwenye wastani wa takriban sentimita 64. Yeye alisimamisha kwenye sentimita 34, na hata kusimama pua kwa pua na mtu hakukumsumbua. Usumbufu ulioupata wewe maana yake mtambo huo kwako ni mzima.

Ukimya wa basi nao ulikuzidishia. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwaketisha wanafunzi kwenye chumba, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili walioagizwa kujifanya hawajali, waliotoa taarifa ni asilimia 10 tu. Moshi ulikuwa ule ule. Kila mtu alimsoma mwenzake. Katika basi lenu kila mmoja alikuwa amekazia macho simu yake huku kwa pembe ya jicho anatafuta dalili usoni kwa jirani, na wewe ulikuwa mmoja wa waliokuwa wanasomwa. Usichukue ukimya wa abiria kama ripoti ya usalama, wala kama ripoti ya hatari.

Halafu ipo aibu. Tunaona aibu kwa niaba ya mtu hata kama mwenyewe haioni. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2011 walionyesha kwamba mtu anapomwona mwenzake akijiaibisha, sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumwonea mtu maumivu huamka, hata pale anayejiaibisha hana habari. Hilo joto lililokupanda shingoni alipocheka peke yake linaweza kuwa hilo. Ni huruma, ingawa unaihisi kama kero.

Sasa niseme jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Ubongo ukikosa maelezo, utachukua yoyote yaliyo karibu. Ndiyo maana neno "chizi" hutoka mdomoni ndani ya sekunde tatu, au "kalogwa", au "amepandisha", au "kavuta huyo". Sikiliza kinachotokea likishatamkwa: watu wanapumua, wengine wanacheka. Limewatuliza kama kile kidude cha sikioni. Tofauti ni kwamba kidude unakiona kwa macho, na neno umelibandika tu. Likishabandikwa, hakuna anayetazama tena. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mambo kadhaa yanayohitaji msaada wa haraka hufanana kabisa na "uchizi" au ulevi.

La kwanza ni sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari, hasa anayetumia insulini akachelewa kula. Anatoka jasho jingi, anatetemeka, anajibu ovyo, anapepesuka, anaweza kugombana. Watu husema amelewa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida yenye sukari, mililita 150 hadi 200, yaani karibu nusu ya chupa, au vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, apate chakula: mkate, chapati, chochote cha kushibisha. Aliyepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Huyo ni wa hospitali moja kwa moja.

La pili ni kifafa kisichoangusha mtu. Wengi wetu tunajua kile cha kuanguka na kukakamaa. Kipo kingine: mtu anaganda macho, anatafuna hewa, anachezea kifungo cha shati au zipu, anatembea bila kuelekea popote, ukimwita haitiki. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja au mbili, kisha anabaki amechanganyikiwa kwa muda. Usimkamate kwa nguvu, maana anayeshikwa katika hali hiyo anaweza kupambana bila kujua anachofanya. Msindikize taratibu, mwelekeze mbali na mlango, barabara au jiko, kaa naye hadi ajue yuko wapi. Tazama saa. Ikipita dakika 5, apelekwe hospitali. Akianguka na kukakamaa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na usiogope mate yake: kifafa hakiambukizi.

La tatu nitalipitia haraka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima asubuhi kunaweza kuwa kiharusi, malaria kali au homa nyingine iliyofika kwenye ubongo. Mdomo ukienda upande mmoja, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikokota, kila dakika ina thamani. Swali la kuwauliza ndugu ni fupi: kaanza lini?

Wengine hawana dharura yoyote. Mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kuzunguka pale sokoni Kisutu anajitetea dhidi ya kelele. Mama yake anahitaji nafasi ya kupita, na macho yetu hayamsaidii. Mtu anayekoroma au kurusha kichwa mara kwa mara anaweza kuwa na tiki, yaani miondoko au sauti za kujirudia asizozitawala. Anayeongea na sauti azisikiazo mwenyewe anaweza kuwa na ugonjwa wa akili. Hapo kuna jambo la kulijua vizuri: wagonjwa wa akili hutendewa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoutenda.

Basi ufanyeje? Kengele ikilia, ipe kazi. Ina maana moja tu: tazama vizuri. Tazama vitu vinne kwa utaratibu huu, na inachukua sekunde kumi.

Mikono kwanza: ina nini, imekunjwa ngumi au imelegea? Pili, maneno yanaelekezwa kwa nani? Anayeongea na hewa ni tofauti sana na anayemchagua abiria mmoja, anamwita, anamnyooshea kidole. Tatu, umbali: amebaki alipo au anasogea hatua kwa hatua kuelekea mtu? Nne, mwendo wa hali yenyewe, unapanda au umetulia? Sauti inayopanda kila dakika, taya lililokazwa, kwenda na kurudi kwa hatua fupi zinazozidi kwa kasi, hizo ni dalili za kuhama. Kwa maelezo yako, yule kaka hakuonyesha hata moja kati ya hizo zaidi ya kuwatazama watu, na kwa kutazama huko hakumchagua yeyote.

Majibu yakiwa mazuri, baki ulipo au sogea hatua mbili. Mtupie lile jicho la sekunde moja, kisha liondoe. Usimkodolee, usicheke, usimrekodi. Kamera ikiinuliwa, aliyekuwa anaongea na hewa anapata mtu wa kugombana naye, na hapo abiria wenyewe huwa wameizalisha hatari waliyoiogopa. Ukiweza na ukiona salama, salimia: "Habari za asubuhi, kaka," au "Shikamoo," kama amekuzidi umri. Salamu kwetu ina jibu linalojulikana, kwa hiyo ni kipimo kizuri. Akijibu "Nzuri" au "Marahaba," umejua kwamba yupo nasi, na yeye amejua kwamba kuna mtu asiyemwogopa. Asipojibu, usirudie. Na mwanamke aliye peke yake hadaiwi salamu hiyo, wala asijilaumu akiiacha.

Dalili za kuhama zikionekana, ondoka taratibu kuelekea kwa dereva, bila kumpa mgongo na bila kuziba mlango anaoweza kutokea. Umbali wa mita 2 ukipatikana, uchukue. Usibishane naye kuhusu anachokisikia. Na kwa sababu ya ule ugonjwa wa kusomana nyuso, usilie kwa basi zima "Jamani, saidieni!" Mchague mtu mmoja kwa alama: "Kaka mwenye fulana nyekundu, mwambie dereva asimamishe kituo kinachofuata. Mama mwenye kilemba, piga 112." Mtu aliyetajwa hupata shida kujifanya hakusikia.

Je, ulimkosea? Hapana. Moyo kwenda mbio hakuombi ruhusa, na kushuka kwenye basi ni haki ya abiria. Ungemkosea kama ungepaza sauti kumwita chizi mbele ya watu au ungemweka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kinachonisumbua mimi ni hizo daladala mbili. Ulishuka Magomeni mapigo yakiwa juu, na yalitulia ukiwa nje. Ubongo ukaandika: mwendokasi ni hatari, kushuka ndiyo dawa. Kila asubuhi unayoikwepa, unauandikia tena. Ili ufute, mapigo lazima yatulie ukiwa ndani. Anza saa nne au saa tano asubuhi, basi likiwa na nafasi, Kimara hadi Ubungo tu. Ukiona moyo umeanza, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 12 hivi, kama dakika mbili. Kutoa pumzi polepole kunapunguza mapigo. Usishuke kabla hayajaanza kuteremka, hata ikibidi kuongeza kituo. Rudia njia hiyo fupi mpaka uione ya kawaida, siku tatu au nne, halafu sogeza hadi Magomeni, halafu Posta, halafu ile ya saa moja asubuhi. Usikae karibu na dereva kila siku, usije ukaiona siti hiyo kama hirizi.

Wiki nne zikipita na bado unashindwa kupanda, au usingizi umekatika, au hofu imehamia kwenye masoko na foleni za benki, fika kliniki ya afya ya akili Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, na taja kituo ulichoshukia.